Mguu wa Mtoto Upimwe Kwanza, Kuchua Baadaye

Mtoto wa mwaka mmoja na nusu anashushwa kitandani asubuhi. Mguu mmoja anaukanyaga, wa pili anauinua na kulia. Jana alikuwa anafukuza kuku uani na hakuna aliyemwona akianguka. Kabla chai haijachemka, nyumba nzima imeshatoa hukumu. Bibi anasema ameteguka, achuliwe kwa mafuta ya nazi. Jirani anasema ni meno yanaota. Baba anauliza dada wa kazi alikuwa wapi. Na kama mtoto huyo alichelewa kuanza kutembea, hakosekani wa kunong'ona kwamba amebemendwa, yaani wazazi wake wamevunja miiko ya unyumba. Majibu manne yamepatikana, ila hakuna aliyemgusa mtoto paji la uso kuona kama ana homa.

Familia inayohangaika kutafuta chanzo hailaumiwi. Lakini mtoto wa umri huo hawezi kusema panapouma, na mara nyingi chanzo hakionekani kwa macho, hata kwa daktari mzoefu, mpaka vipimo vifanyike. Mara nyingi mzazi hana namna ya kujua mtoto amepatwa na nini. Anachoweza kujua ni kama mtoto anaweza kusubiri hadi kesho, na dalili za kumsaidia kuamua hilo anazo mbele yake.

Yapo mambo madogo yanayoonekana kwa macho. Mwiba uliovunjikia unyayoni. Funza chini ya ukucha, jambo ambalo mzazi wa Murang'a, Kigoma au Busoga hahitaji kuelezwa. Kiatu kilichobana, au kilichonunuliwa kikubwa kwa hesabu kwamba mtoto atakua. Ndiyo maana uchunguzi wa kwanza ni wa bure: mtoto avuliwe viatu, soksi na suruali, alazwe penye mwanga, atazamwe kuanzia katikati ya vidole vya miguu hadi kiunoni, mguu mmoja ukilinganishwa na mwenzake. Inashangaza ni watoto wangapi wanaofikishwa zahanati na kurudishwa nyumbani na chupa ya dawa ya maumivu bila mtu yeyote kuwavua suruali.

Upo pia ufa wa mfupa. Mwaka 1964 madaktari wa Kanada wakiongozwa na J. S. Dunbar walieleza jeraha ambalo wenzao wengi walikuwa wakilipita bila kulijua: ufa mwembamba kama unywele, unaouzunguka mfupa wa muundi wa mtoto anayejifunza kutembea. Hauhitaji ajali kubwa. Mtoto anajikwaa kwenye mkeka, unyayo unabaki ulipo, mwili unageuka, basi. Mchezo wa kuteleza kwenye viwanja vya watoto unajulikana sana kwa jeraha hili, hasa mtoto anapoteleza akiwa amepakatwa na mtu mzima. Kiatu chake hunasa pembeni, uzito wa aliyempakata unaendelea kushuka, na mfupa unasokotwa. Yaani mzazi aliyempakata mtoto kwa kumhofia ndiye aliyemwongezea hatari.

Eksirei ya siku ya kwanza inaweza isionyeshe chochote. Ufa huonekana baada ya siku 10 hadi 14, mfupa unapokuwa umeanza kujiunga. Kinachomsaidia daktari ni kumtazama mtoto tu: hataki kusimama, lakini akiwekwa sakafuni anatambaa vizuri, kwa sababu tatizo liko chini ya goti. Hufungwa plasta ngumu, hogo kwa lugha ya mtaani, kwa wiki 3 hivi, naye hupona kabisa.

Jeraha hili lingejulikana zaidi, dada wa kazi wengi wasingefukuzwa kwa aibu. Mfupa wa muundi wenye ufa kwa mtoto anayetembea si ushahidi kwamba amepigwa. Mfupa uliovunjika kwa mtoto ambaye bado hajaanza kutembea ni habari nyingine; hapo daktari analazimika kuuliza maswali magumu, na familia isimchukie kwa kuyauliza.

Ugonjwa wa kuogopwa kuliko hayo yote ni usaha ndani ya kiungo, hasa nyonga. Bakteria, mara nyingi Staphylococcus aureus, yule yule wa majipu, huingia kwenye damu kupitia kidonda kidogo cha ngozi au kwa njia nyingine, kisha hutua kwenye kiungo au kwenye mfupa unaokua ulio karibu nacho. Nyonga imejificha chini ya nyama, kwa hiyo mara nyingi hakuna uvimbe wala wekundu wa kuonekana. Mtoto hulala amekunja mguu na kuuelekeza nje kidogo. Akibadilishwa nepi analia kilio ambacho mama anakitambua kuwa si cha kawaida. Ndani, vimeng'enya vinalila gegedu, ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa, na shinikizo la usaha linabana mishipa inayopeleka damu kwenye kichwa cha mfupa wa paja. Kiungo kikifunguliwa na kuoshwa mapema, na mtoto akapewa antibiotiki kwa wiki kadhaa, anaweza kurudi kufukuza kuku wake. Akicheleweshwa siku kadhaa, kichwa cha mfupa kinaweza kufa, nyonga ikachomoka, na mguu ukabaki mfupi maisha yake yote. Baadhi ya watu wazima wanaotembea kwa kuinamia upande mmoja masokoni kwetu walianza hivyo, kwa homa ya siku chache ambayo hakuna anayeikumbuka.

Mwaka 1999 Mininder Kocher na wenzake wa Boston, Marekani, walichapisha vigezo vinne vya kutofautisha nyonga yenye usaha na ile yenye uvimbe wa muda tu, ambao huja baada ya mafua na kuondoka wenyewe. Vigezo hivyo ni homa, kushindwa kukanyaga mguu, wingi wa chembe nyeupe za damu, na kasi ya chembe nyekundu kuzama kwenye bomba la maabara. Katika utafiti huo, mtoto aliyekuwa na vyote vinne, uwezekano wa kuwa na usaha ulizidi asilimia 99. Vigezo viwili vya mwisho vinahitaji maabara. Viwili vya kwanza havihitaji. Mama wa kijijini asiye na kipimajoto anaweza kuviona kwa mkono na macho yake. Nusu ya ushahidi uko nyumbani, na hilo ndilo linalostahili kutangazwa redioni na kwenye vikao vya kliniki.

Kutokuwa na homa nako kusimtulize mtu kupita kiasi. Yupo bakteria aitwaye Kingella kingae, anayewapenda watoto wa kati ya miezi 6 na miaka 4, ambaye huweza kuingia kwenye kiungo na kuleta homa ndogo tu au asilete kabisa. Na ule uvimbe wa muda wa nyonga, ambao ndio maelezo mepesi yanayopendwa na kila mtu, ni wa watoto wa kuanzia miaka 3 kwenda juu. Chini ya hapo ni nadra. Kwa sababu hiyo miongozo ya Uingereza inataka mtoto wa chini ya miaka 3 anayechechemea aonwe hospitali kwa haraka, hata kama anaonekana mchangamfu.

Afrika Mashariki ina mtego wake. Mtoto mwenye homa anapimwa malaria, na katika maeneo yenye malaria nyingi kipimo kinaweza kutoa jibu chanya huku nyonga nayo ina usaha. Wadudu wa malaria wapo kweli kwenye damu, ila si wao wanaomzuia kusimama. Anapewa dawa ya mseto, anarudi nyumbani, na siku tatu zinapita. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2014 wa kutibu magonjwa ya watoto unamtaka mhudumu anayepima homa aangalie pia kama mtoto anakataa kutumia kiungo chochote. Ni mstari mmoja katikati ya kurasa nyingi, na pengine ndiyo maana unarukwa.

Homa huleta jambo la pili: sindano ya takoni. Takoni inapita neva kubwa ya mguu. Sindano ikichomwa vibaya kwa mtoto mwembamba, dawa inaweza kuiharibu, naye akaamka anaburuta unyayo. Sindano zikirudiwa, misuli ya tako hugeuka kovu gumu na mtoto hawezi tena kuchuchumaa vizuri. Wilaya ya Kumi, mashariki mwa Uganda, imeandikwa katika tafiti kwa wingi wa watoto waliopata ulemavu wa namna hii, na sindano za kwinini ni miongoni mwa zilizolaumiwa. Kwa mtoto mdogo sindano ya msuli huchomwa pajani, mbele kwa upande wa nje. Mzazi ana haki ya kumwambia hivyo mhudumu, kwa heshima, kabla nguo haijashushwa. Na mtoto akianza kuchechemea baada ya sindano, tarehe ya sindano na upande uliochomwa viandikwe, maana daktari atavihitaji.

Kuchechemea kwa maumivu na kuchechemea kwa udhaifu ni vitu viwili. Mguu unaouma mtoto anaulinda. Mguu uliopooza umelegea. Ukiinuliwa na kuachiwa unaanguka.

Huko Edinburgh mwaka 1773, mtoto wa miezi 18 alipata homa ambayo jamaa zake waliona ni ya kuota meno. Siku ya nne, walipokuwa wanamwogesha, wakakuta mguu wake wa kulia hauna nguvu. Alikuja kuwa Walter Scott, mwandishi maarufu wa riwaya, na alichechemea hadi kufa kwake. Madaktari wa baadaye wanaamini ilikuwa polio. Babu yake mzaa mama alikuwa daktari na profesa, na bado mtoto aliishia kufungwa katika ngozi ya kondoo aliyetoka kuchunwa. Anayewacheka bibi zetu na mafuta yao ya nazi akumbuke kwamba wasomi wa Uskoti nao hawakuwa na kingine cha kutoa.

Tofauti ni kwamba leo kuna cha kufanya. Afrika ilitangazwa kuwa huru na polio ya asili tarehe 25 Agosti 2020. Mapema mwaka 2022 Malawi ikatangaza mgonjwa mmoja mwenye kirusi kilichohusishwa na Pakistan, na mwaka 2023 Tanzania ikampata mtoto mkoani Rukwa mwenye polio ya aina ya 2 inayotokana na kirusi cha chanjo kilichobadilika kwa kuzunguka katika jamii zenye chanjo pungufu. Kwa hiyo mtoto yeyote wa chini ya miaka 15 anayelegea mguu au mkono ghafla lazima aripotiwe, na sampuli mbili za choo zichukuliwe kwa tofauti ya angalau saa 24, ndani ya siku 14 tangu mguu ulegee. Familia inayomficha mtoto ndani kwa wiki tatu kwa kuona haya inamnyima yeye uchunguzi, na inawanyima watoto wa kata nzima kinga ambayo ingeletwa mlangoni.

Selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, haiwezi kupitwa kimya. Tanzania hukadiriwa kupata watoto wapatao 11,000 kila mwaka wanaozaliwa na ugonjwa huu, idadi inayoiweka miongoni mwa nchi zenye mzigo mkubwa zaidi duniani. Ukanda wa Ziwa Victoria na pwani vinajulikana kwa wingi wake. Miezi ya mwanzo mtoto hulindwa na damu aliyotoka nayo tumboni. Kinga hiyo ikipungua, kuanzia miezi 6 hivi, mara nyingi dalili ya kwanza ni viganja na nyayo kuvimba na kuuma, na mtoto aliyeanza kusimama anakataa kusimama. Wazazi wengi hapo ndipo wanapoujua ugonjwa kwa mara ya kwanza, na wengine hawaujui, wanachua. Watoto hawa pia hushambuliwa mifupa na bakteria wa Salmonella kuliko wenzao. Mtoto wa maeneo hayo anayechechemea, au mwenye ndugu mwenye selimundu, asitoke hospitali bila kupimwa damu kwa ajili hiyo.

Mengine ni nadra lakini hayasubiri. Saratani ya damu huweza kuanza kwa maumivu ya mifupa yanayomwamsha mtoto usiku, pamoja na kupauka na michubuko isiyo na sababu. Kifua kikuu huingia kwenye nyonga na uti wa mgongo polepole, kwa miezi. Miguu yote miwili ikidhoofika kwa pamoja, shida inaweza kuwa kwenye uti wa mgongo, na hiyo ni safari ya siku hiyo hiyo.

Mtoto anayechechemea bila maumivu tangu hatua yake ya kwanza ana hadithi tofauti. Huenda nyonga yake haikukaa sawa tangu kuzaliwa. Hapa Waafrika tuna bahati tuliyojitengenezea wenyewe: mbeleko. Mtoto anayebebwa mgongoni akiwa ametanua miguu anakaa katika mkao ule ule ambao madaktari wa Ulaya huutafuta kwa mikanda maalumu, na wataalamu waliofanya kazi Malawi wameuhusisha ubebaji huo na uchache wa tatizo hili walioukuta huko. Uchache haumaanishi halipo, hasa sasa ambapo mbeleko inaachiwa bibi na mtoto wa mjini anakaa kwenye kigari. Wengine wana matege, ambayo huonekana hata katika miji yenye jua la mwaka mzima, kwa sababu mtoto anayefungiwa kwenye chumba cha kupanga mchana kutwa halipati jua hilo. Matege ya kukosa vitamini D hutibika kwa dawa.

Haya ya kutembea kwa shida au kwa kuchelewa ndiyo yanayozaa maneno ya kubemenda. Mama anaambiwa, au anasemwa pembeni, kwamba alilala na mwanamume wakati ananyonyesha, au kwamba baba ametoka nje ya ndoa na kurudi na uchafu. Matokeo yake mama anaficha mguu wa mtoto kuficha jina lake. Kati ya vikwazo vyote vinavyomzuia mtoto kufika kituo cha afya, umbali na nauli vikiwemo, hiki ndicho cha kipuuzi kuliko vyote na ndicho kisichogharimu hata shilingi kukiondoa. Nyonga haichomoki kwa sababu ya unyumba wa wazazi. Viongozi wa dini, ambao hawaogopi kusema lolote kuhusu ndoa, wangeweza kusema na hili.

Kuchua kwenyewe si dhambi. Mtoto mzima anayepakwa mafuta na bibi yake anapata raha na mapenzi. Lakini kuukamua mguu wenye mfupa uliopasuka kunazidisha jeraha, na kuukamua mguu wenye usaha au wa mwenye selimundu kunamtesa mtoto na kula saa ambazo hana. Mganga wa kienyeji wa mifupa anayefunga mguu kwa vijiti na kamba za kubana anaweza kuzuia damu mpaka vidole vioze. Mafuta ya nazi yasubiri mpaka mtoto apimwe.

Sasa, lini aende? Usiku huo huo, kama ana homa na anachechemea au hataki kusimama. Kama hataki mguu uguswe au uzungushwe nyongani. Kama kiungo kimevimba na ni cha moto. Kama mguu umelegea. Kama ana selimundu. Kama ameanguka na mguu umepinda. Siku hiyo hiyo, au asubuhi yake ikiwa giza limeshaingia, kwa mtoto yeyote wa chini ya miaka 3 ambaye hakukutwa na mwiba, funza wala kiatu kibaya, hata kama anacheka. Mtoto mkubwa zaidi, asiye na homa, anayekanyaga na kucheza, anaweza kutazamwa siku mbili. Asipopona, au hali ikirudi tena baada ya kupona, aende. Dawa ya maumivu ya parasetamoli haidhuru kwa kipimo chake, mradi isiwe ndiyo sababu ya kutokwenda. Simu nayo itumike: mtoto anayechechemea asubuhi huweza kutembea vizuri akifika kliniki saa sita, na video ya nusu dakika humwonyesha daktari asichokiona. Maumivu ya goti yasimpumbaze mtu, kwani nyonga inayougua huweza kuuma gotini.

Fedha itatajwa, na itajwe. Sera ya Tanzania inasema mtoto wa chini ya miaka 5 atibiwe bila malipo katika vituo vya umma, na Kenya iliondoa ada katika zahanati na vituo vya afya vya serikali mwaka 2013. Kila mzazi anajua kwamba kati ya sera na dirisha la dawa kuna kauli nyingi za "haipo, kanunue nje". Eksirei na upasuaji viko mbali na zahanati, na rufaa ya kwenda hospitali kubwa kama Muhimbili, KCMC, Bugando au Kijabe ni nauli, chakula na mahali pa kulala. Lawama zote zikiachiwa mama na bibi, wenye kupanga bajeti watakuwa wameponea chupuchupu.

Wizara za afya hazihitaji mashine mpya ili kuanza. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao tayari wanapita nyumba kwa nyumba, wafundishwe kuuliza swali moja la ziada: je, mtoto anakanyaga? Kila kadi ya kliniki iwe na mstari unaosema homa pamoja na kukataa kusimama ni dharura. Tabibu wa zahanati asiandike malaria kwa mtoto anayechechemea kabla hajamvua nguo na kuzungusha nyonga zote mbili, na akishindwa kupata jibu aandike rufaa badala ya kumwambia mama arudi baada ya wiki. Na mzazi anayeambiwa arudi baada ya wiki wakati mtoto ana homa na hakanyagi, asikubali. Aombe rufaa hiyo, na akinyimwa, ampeleke mtoto hospitali ya wilaya siku hiyo hiyo.